Daktari, tuulize pia tunampa nini mtoto nyumbani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala ya daktari kuhusu wazazi wanaopeleka watoto wenye usonji (autism, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu) kwenye tiba mbadala, nimeirudia mara mbili manake inanihusu moja kwa moja, mi ni mama wa mtoto mwenye usonji. Kwenye dawa zenyewe sina ugomvi naye, karibu yote aliyoandika ni kweli na mengine nitayarudia hapa chini kwa sababu wazazi wenzangu wanatakiwa wayasikie kutoka kwa mzazi pia. Ugomvi wangu uko pale anaposema hao wazazi hawatumii akili na wanadanganyika kirahisi. Hapo hapana. Wazazi ninaowajua mimi wanasoma mpaka usiku wa manane, wana madaftari, wanajua majina ya homoni na vimeng'enya ambayo shuleni hatukuwahi kuyasikia. Akili wanatumia sana tu, tatizo wanaitumia peke yao bila mtu wa kuwasaidia kuchuja.

Hebu fikiria siku unayopewa majibu. Unaingia na mtoto, unaulizwa maswali, anaangaliwa anavyocheza na anavyoitikia (usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha), halafu unaambiwa ni usonji, hauna dawa, atahitaji mtaalamu wa lugha na matamshi, foleni ni ndefu, rudi baada ya miezi kadhaa. Yote hayo ni kweli tupu. Lakini unatoka pale huna cha kufanya kesho asubuhi, na huko nje kuna mtu mwingine ana chupa mkononi, anakwambia mlete tunaanza leo leo. Huyo anakuuliza mtoto analalaje, anakula nini, choo anapata, analia saa ngapi, anakaa na wewe saa nzima anakusikiliza. Sasa ukisema mzazi kachagua uchawi akaacha sayansi unamwonea, kachagua aliyemsikiliza.

Halafu wazazi tuna sababu ya zamani ya kutomeza kila kitu cha wataalamu. Daktari Leo Kanner wa kule Baltimore, Marekani, alipoandika kuhusu watoto 11 mwaka 1943 ndo usonji ukaanza kujulikana kama hali yake yenyewe, na baada ya hapo kwa miaka mingi ikafundishwa kwamba unaletwa na mama asiye na upendo, mama baridi kama jokofu. Bruno Bettelheim, profesa wa Marekani, aliieneza sana hiyo miaka ya 1960, mpaka watoto wakawa wanatenganishwa na wazazi wao eti ndo matibabu. Na hii haikuwa ya waganga wa vichochoroni, ilikuwa ya wasomi wenye majina. Aliyeivunja kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia lakini pia baba wa mtoto mwenye usonji, mwaka 1964 akapanga hoja zake kuonyesha chanzo ni cha kibaiolojia na malezi ya mama hayahusiki. Baba alikuwa sahihi, wakubwa walikosea.

Ila kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili wazazi hatupendi kuisimulia. Rimland huyo huyo baadaye akawa anahimiza vitamini B6 dozi kubwa pamoja na magnesiamu, na safari hii ushahidi haukumfuata. Tafiti zilizofanyika zilikuwa ndogo na hazikuonyesha kitu cha kutegemea, na B6 ikizidi sana kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mtu anaanza kupata ganzi mikononi na miguuni. Huwa namfikiria sana huyu baba. Mtoto ni yule yule, upendo ni ule ule, akili ni ile ile, mara ya kwanza hoja zake zilipimwa zikasimama na mara ya pili zikapimwa hazikusimama. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi ni mzazi najua" namheshimu sana ila bado nitataka kupima, na daktari akiniambia "mimi ni daktari najua" vile vile.

Kuna kisa kingine cha sekretini ambacho natamani kila mzazi akijue. Sekretini ni homoni ya tumboni, hospitalini inatumika kwenye kupima kongosho. Mwaka 1996 Marekani mtoto mmoja mwenye usonji alipewa wakati anapimwa tumbo, na baada ya hapo wazazi wakaona analala, choo kimekaa sawa, maneno yanaanza kutoka. Mwaka 1998 madaktari wakaandika kuhusu watoto watatu wa namna hiyo, televisheni ikaibeba, na watoto kibao wakaanza kuchomwa hiyo sindano kabla hata haijajaribiwa vizuri. Mwaka 1999 ndo likatoka jaribio lenyewe, watoto kama 60, wengine walichomwa sekretini na wengine maji ya chumvi, na wazazi hawakujua mtoto wao kapata kipi. Watoto wakapata nafuu, tena pande zote mbili, wa maji ya chumvi sawasawa na wa sekretini! Majaribio yaliyofuata yakasema hivyo hivyo. Na wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 wakasema bado wanaitaka.

Najua daktari akifika hapo atasema si mnaona sasa. Mi naona kitu kingine. Wale wazazi hawakuongopa, walichokiona walikiona. Mtoto mwenye usonji naye anakua, anaweza kukaa miezi hana jipya halafu siku moja neno linatoka. Ana wiki nzuri na wiki mbaya, na sisi dawa mpya tunaianza lini? Tunaianza kwenye wiki mbaya kuliko zote, tukiwa hatujalala, tumechoka, mtoto anajipiga, kwa hiyo chochote utakachompa hapo, hata maji, wiki inayofuata kuna uwezekano mkubwa ataonekana afadhali. Halafu ukishaanza dawa unamtazama kwa matumaini, unakaa naye chini unamsemesha, unamsubiri ajibu, na yeye kweli anajibu. Hicho cha mwisho ni cha kweli kabisa, ila hakijatoka kwenye sindano.

Na kimepimwa, ndo jambo ambalo daktari angeliandika watu wangefaidika sana. Uingereza walifanya jaribio la watoto 152 wadogo, wa miaka 2 hadi 4, mzazi anarekodiwa video anacheza na mwanae halafu anakaa na mtaalamu wanaitazama pamoja taratibu, hapa mtoto alikuonyesha kitu kwa macho ukapitwa, hapa ulinyamaza kidogo akaitikia. Matokeo ya 2010 yalionyesha mawasiliano ya mzazi na mtoto yamekuwa mazuri zaidi ingawa dalili za usonji zenyewe zilisogea kidogo tu, lakini walipowafuatilia wakiwa wamekua, matokeo yakatoka 2016, dalili zilikuwa zimepungua kuliko kwa wenzao ambao hawakupata hayo mafunzo. Usonji haukuondoka, hakuna aliyesema umeondoka. Ila ni kitu mzazi anaweza kuanza kesho asubuhi na hakuna mtu anayekitangaza kwa kelele manake hakiwekwi kwenye chupa.

Sasa nije kwenye yale yasiyo na mjadala, hapa niko na daktari kabisa. Dawa za kuvuta madini mazito mwilini, zebaki na risasi, ni dawa halali kwa mtu aliyepata sumu hiyo kweli na imepimwa ikaonekana, kwa usonji hazina kazi, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa Pennsylvania, Marekani, baada ya kupewa dawa ya namna hiyo kwenye mshipa, kalsiamu ya damu ikashuka moyo ukasimama. Klorini dioksaidi, ile wanaoiuza wanaiita madini ya muujiza, ni kemikali ya kupaushia nguo na karatasi. Watoto wananyweshwa, wengine wanaingiziwa kwa njia ya haja kubwa, halafu vikitoka vitu virefu kama kamba za kamasi mzazi anaambiwa furahi, hiyo ni minyoo ya usonji inatoka. Ni utando wa utumbo wa mwanao huo! Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010 ikarudia 2019. Mtu akikuletea hiyo, ondoka na mtoto wako, usibaki hata kubishana naye. Na chanjo nayo tuimalize, andiko la 1998 la daktari Andrew Wakefield, lililohusisha chanjo ya surua na usonji, lilikuwa na watoto 12 tu, jarida la kitabibu la Lancet lililolichapa likalifuta mwaka 2010 na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza, na Denmaki wamefuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu, matokeo ya 2019, chanjo ya surua haihusiani na usonji.

Lakini daktari asiandike kama vile upande wake haukuwahi kuwa na dawa zilizofeli. Oksitosini, homoni ya kupuliza puani, ilibeba matumaini ya watu wengi sana, ikajaribiwa kwa watoto 290 Marekani, mwaka 2021 majibu yakaja kwamba haikuwazidi waliopuliziwa kitu kisicho na dawa ndani. Bumetanidi, dawa ya kukojoza, mwaka huo huo 2021, majaribio yake makubwa yakasimamishwa kwa kuwa haikuonyesha faida. Damu ya kitovu waliijaribu chuo kikuu cha Duke, Marekani, kwa watoto 180, mwaka 2020 wakachapisha kwamba kwenye kipimo kikuu hakukuwa na tofauti. Ona hapo lakini, waliotangaza kwamba imeshindikana ni wao wenyewe waliokuwa wanaitumainia. Mi siku hizi ndo kitu ninachokiangalia, je huyu mtu anaweza kusimama hadharani akasema dawa yangu haikufanya kazi? Yule wa chupa hajawahi kusema hivyo hata siku moja, kwake mtoto asipopona ni kwa sababu mama hakufuata masharti, au dozi ilikuwa ndogo, au aliacha mapema. Lawama zinarudi kwa mama tena, kama enzi za jokofu.

Na kuna vitu madaktari wanatakiwa wavieleze wazi sio kukunja uso. Risperidoni, dawa ya magonjwa ya akili, ilipitishwa Marekani mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji wenye hasira kali na kujiumiza, haitibu usonji wenyewe, na inaleta usingizi na inanenepesha sana. Mzazi anaona daktari anaiandika hiyo dakika mbili, halafu akitaja vitamini anatazamwa kama mjinga, lazima ashangae. Jibu lipo, moja imepimwa faida na madhara yake yanajulikana na nyingine haijapimwa vya kutosha, ila hilo jibu liseme basi, tutaelewa. Na sio kila kinachouzwa kama kirutubisho ni uongo, melatonini, homoni ya usingizi, kwa mfano imepimwa na inawasaidia watoto wengi wenye usonji kupata usingizi, sasa mzazi atajuaje ipi ni ipi kama akiuliza anakaripiwa?

Niseme na la tumbo, manake hapa ndo wazazi wengi wanapotea na mi nalifahamu kwa karibu. Mwanangu haongei. Kuna kipindi akawa kila jioni anaenda kwenye mkono wa kiti anaegemeza tumbo pale anajikandamiza kwa nguvu zote, anajiuma kiganja, usiku halali. Tukampeleka, tukaambiwa ni tabia za usonji, kwisha, hakuna aliyemgusa. Daktari mwingine baadaye akamlaza, akambonyeza tumbo taratibu huku anamwangalia usoni, akasema huyu amefunga choo vibaya sana. Dawa ya kulainisha choo, maji ya kutosha, ratiba ya kukaa chooni, na ile ya kwenda kwenye kiti ikaisha, usingizi ukarudi, akawa anatutazama tukimwita. Matatizo ya tumbo yako zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa watoto wengine, hilo linajulikana, na mtoto asiyeweza kusema tumbo linauma atasema kwa mwili. Sasa niambieni, kama wiki ile ile ningekuwa nimemwanzishia matone ya mtu fulani, nani angenitoa kwenye imani kwamba ni matone?

Ndo maana hata hii habari ya kuondoa ngano na maziwa huwa siichekelei. Ushahidi kwamba inabadilisha usonji ni dhaifu, daktari yuko sawa, na ina hatari zake, mwaka 2008 Marekani watafiti walipima mifupa ya wavulana wenye usonji wakaikuta myembamba na kwa walionyimwa maziwa ilizidi kuwa myembamba. Ukizingatia watoto wetu wengi tayari wanachagua chakula, wengine wanakubali vitu vitatu vinne tu, wameshaonekana mpaka wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, ukimwondolea viwili kati ya hivyo unambakizia nini. Lakini mama anayesema "nilipoacha maziwa mwanangu alitulia" inawezekana mtoto wake maziwa yanamsumbua tumbo kweli, kama yanavyowasumbua watu wengi wasio na usonji. Huyo apimwe tumbo, apelekwe kwa mtaalamu wa lishe. Akichekwa anaondoka na siri yake.

Na siri ziko nyingi mno. Kwenye benchi la kliniki nimeona mama ana mfuko wa chupa, jina la mtoto wake lilipoitwa akausukuma kwa mguu chini ya benchi akaingia mikono mitupu. Akiulizwa mtoto anatumia dawa gani atasema hamna. Watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, wanatumia dawa za kifafa, na kuna mitishamba inayopandisha au kushusha nguvu ya dawa hizo, na vitamini A na D zikizidi ni sumu, kwa hiyo daktari anayeandika dozi huku hajui kilichomo kwenye ule mfuko anaandika gizani. Kosa ni la mama peke yake? Tafiti nyingi zimekuta zaidi ya nusu ya familia zimewahi kujaribu kitu mbadala. Kwa hiyo swali la "unampa nini kingine nyumbani, niletee nione" lingekuwa swali la kwanza kwenye kila ziara, liulizwe kwa upole kama linavyoulizwa swali la chanjo, hapo chupa zitatoka zenyewe.

Makala pia haikuwa na sauti ya watu wazima wenye usonji wenyewe. Mwaka 1993 Jim Sinclair, ambaye ana usonji, alisimama mbele ya wazazi kwenye mkutano Toronto, Kanada, akawaambia wasiuombolezee usonji wa watoto wao, mtoto yupo hai na anawasubiri. Maneno yale yanauma mwanzoni, ila yananisaidia kila nikiletewa dawa mpya kujiuliza nataka kuondoa nini. Maumivu ya tumbo, kukosa usingizi, degedege, kujiuma mpaka damu, hayo nataka yaondoke hata leo. Kupeperusha mikono akifurahi, kupanga vitu mstari, hivyo havimuumizi mtu na siwezi kumnywesha mtoto kitu kwa ajili hiyo.

Kwa wazazi wenzangu naomba mfanye kitu kimoja kimoja, msianze vidonge, lishe na mazoezi wiki moja manake hamtajua kilichosaidia wala kilichodhuru. Andikeni kabla ya kuanza mnatarajia kibadilike nini na mtaacha lini kisipobadilika. Mwambieni mwalimu wake aandike anavyomwona bila kumwambia mmeanza nini. Na muulizeni muuzaji kilichomo ndani, kimejaribiwa kwa watoto wangapi wakilinganishwa na ambao hawakupewa, madhara yake, na atakubali matokeo gani kama ushahidi kwamba hakifanyi kazi. Hilo la mwisho msimwachie mpaka ajibu.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Gazeti lenu ukurasa mmoja daktari anatuonya, ukigeuza kurasa mbele kuna tangazo la tiba ya usonji, inaondoa kabisa ndani ya miezi 3, na namba ya simu. Mzazi aliyetoka kliniki leo na karatasi yake ataisoma ipi kati ya hizo mbili? Naomba watu wenu wa matangazo wawaulize wateja hao maswali hayo hayo kabla ya kupokea tangazo, wasipojibu msilichapishe. Na daktari tunamsubiri atuandikie nyingine, ya tumbo, usingizi na kifafa kwa mtoto asiyeongea, hiyo tutaisoma wote.

Mama wa mtoto mwenye usonji,
msomaji wenu